Nasoma ukurasa mara tatu hakuna kinachobaki: niache shule nikafanye kazi?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 17, ni mtoto wa kwanza kwetu, na bado miaka miwili nimalize sekondari. Baba aliugua, akaachishwa kazi, kodi ikatushinda, mwenye nyumba akatutoa. Baba amechukuliwa na kaka yake, anauguzwa huko. Mimi, mama na wadogo zangu wawili tunalala sebuleni kwa mama mdogo, na baba mdogo ameshaanza kuuliza tutaondoka lini. Shuleni hakuna anayejua. Hata rafiki yangu nilimwambia tumehama tu. Zamani sikukosa katika watano wa kwanza darasani. Siku hizi nasoma ukurasa mara tatu, nikifunga kitabu hakuna kilichobaki. Kuna mama mmoja anatafuta msichana wa kazi za nyumbani, nitalala hukohuko na atanilipa kila mwezi. Mama yangu hajasema niende wala nisiende, ila alilia. Kila mtu ananiambia elimu ndiyo itakayotutoa kwenye shida hii, na elimu yenyewe haiingii. Je, akili yangu imeharibika? Na hiyo kazi niende?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana na yaliyowakuta. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna swali la tatu ambalo hukuliandika: utaendelea kulificha jambo hili mpaka lini? Nitafika huko. Nianze na la akili, maana naona ndilo linalokunyima raha kuliko yote.

Akili yako haijaharibika. Imebebeshwa. Ili mtu aelewe ukurasa wa kitabu, akili yake hushika mambo machache kwa wakati mmoja: sentensi anayoisoma, ile iliyotangulia, na kile alichokuwa anakijua tangu mwanzo. Sehemu hiyo ya kushika mambo ya papo kwa papo ni ndogo kwa kila binadamu, mwenye raha na mwenye shida. Sasa wewe unaposoma, nusu ya nafasi hiyo imeshachukuliwa na maswali mengine. Baba mdogo leo atarudi na uso gani? Baba ameamkaje? Mdogo wangu atavaa viatu gani kesho? Mwanamke aliyebeba mtungi wa maji kichwani ukimpa barua asome, atajikwaa kwenye maneno, na hakuna atakayesema hajui kusoma.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio lililofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima hao hupata pesa nyingi kwa mkupuo baada ya mavuno, na miezi kabla ya hapo huwa wamebanwa. Watafiti waliwapa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Mtu yuleyule, mwenye elimu ileile, alifanya vibaya zaidi alipokuwa hana kitu na vizuri zaidi alipokuwa nacho. Akili haikuwa imekua katika miezi hiyo michache. Kilichobadilika ni mzigo. Wewe nawe uliyekuwa katika watano wa kwanza bado upo, ila unasoma ukiwa na mzigo ambao wenzako wa dawati moja hawana.

Halafu kuna usingizi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hulipita jambo hili mbiombio. Sebule ni chumba cha watu wote. Huwezi kutandika mpaka wa mwisho anayetazama televisheni ainuke aende kulala, na alfajiri wa kwanza kuamka anawasha taa na kuiruka miguu yako akienda zake. Katikati hapo mdogo wako anageuka, mama anakohoa, nawe umelala sikio moja likiwa macho kwa sababu hapo si kwenu. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Sidhani unapata hata 6. Na usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga yale uliyojifunza mchana na kuyahifadhi yasipotee. Kwa hiyo unaposema "hakuna kinachobaki", unaeleza kwa usahihi kabisa kinachompata mtu yeyote asiyelala. Ukikosa usingizi kwa majuma mengi mfululizo, hata hasira huja upesi, machozi huja upesi, na kila tatizo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Usiuamini sana uamuzi wowote mkubwa uliofikiwa katika hali hiyo.

Ushauri wangu wa kwanza basi utakushangaza: acha kusoma usiku kwa mama mdogo. Nyumba hiyo ifanye ya kulala tu. Masomo yote yafanyie shuleni, kabla kengele ya asubuhi haijalia, wakati wa mapumziko, na saa moja baada ya vipindi kama unaruhusiwa kubaki. Ikifika saa ya kulala, muombe mama yako azungumze na mdogo wake, kwa upole, mpate kona ya chumba ambayo taa na televisheni haviifikii moja kwa moja. Na kama kuna alasiri nyumba iko tupu, lala hata nusu saa. Huo si uvivu.

Namna ya kusoma pia ibadilike. Kurudia ukurasa mara tatu ni njia dhaifu hata kwa mwanafunzi asiye na shida yoyote. Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma andiko na kulirudia walikumbuka zaidi walipoulizwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliosoma, wakafunga, kisha wakajaribu kuandika walichokikumbuka. Fanya hivyo. Soma nusu ukurasa, funika, chukua karatasi, andika kwa maneno yako kilichomo, hata kama ni mistari miwili. Fungua, angalia ulichosahau, endelea. Kabla ya kuanza, andika pembeni yale yanayokusumbua siku hiyo, moja baada ya jingine, ili usilazimike kuyashika kichwani huku unasoma. Dakika 20 za namna hii zitakufaa kuliko saa mbili za kukodolea kitabu macho.

Sasa tuje kwenye maneno unayoambiwa, kwamba elimu ndiyo itakayowatoa. Ni kweli, ila yamesemwa nusu. Wachumi waliokusanya takwimu za nchi nyingi wanakadiria kuwa, kwa wastani wa dunia, kila mwaka wa shule unaoongezeka huambatana na kipato kilicho juu kwa takriban asilimia 9. Ni wastani tu, kuna wenye vyeti wasio na kazi na unawajua, lakini kwa mtu asiye na mali ya kurithi sioni njia nyingine ya halali iliyo na uhakika zaidi ya hiyo. Nusu isiyosemwa ni kwamba faida hiyo huja baada ya miaka. Elimu hailipi kodi ya mwezi huu wala haimtoi baba mdogo mlangoni. Anayekwambia "soma tu kwa bidii" bila kuuliza utalala wapi amekupa jukumu la watu wazima ulibebe peke yako.

Na simulizi za waliofaulu wakitokea kwenye shida huwa zinaacha watu nje. Zinamwonyesha kijana mmoja, kitabu kimoja, taa moja. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kabla hawajazaliwa mpaka walipokuwa watu wazima wa miaka 40. Katika wale waliokulia kwenye ufukara, ugomvi wa nyumbani au wazazi wagonjwa, karibu theluthi moja walikua salama, wakawa watu wazima wenye kujiamini na wanaojimudu. Watafiti walipotafuta siri yao, walikuta kitu kimoja kikijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika mkono bila kumwachia. Mara alikuwa bibi, mara shangazi, mara jirani, mara mwalimu. Kuna jingine katika utafiti huo ambalo nalipenda zaidi. Wengi wa wale waliopotea njia wakiwa vijana walijirekebisha walipofika umri wa miaka thelathini hadi arobaini, na moja ya milango waliyoipitia ilikuwa kurudi kusoma ukubwani. Kwa hiyo ukichelewa hujafungiwa mlango. Lakini usiwe na haraka ya kuchelewa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye siri yako. Uliandika kwamba rafiki yako ulimwambia "tumehama tu". Naelewa. Watu wengi wanadhani asiye na makazi ni yule anayelala barazani au chini ya daraja, na wewe una paa, una blanketi, kwa hiyo unaona neno hilo halikuhusu, na pia unaliona la aibu. Lakini familia iliyopoteza nyumba ikawa inalala kwenye sebule ya ndugu, bila kujua itaondolewa lini, haina makazi. Marekani, sheria ya McKinney-Vento, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1987, inawatambua hata wanafunzi wanaoishi kwa watu kwa sababu familia zao zimepoteza nyumba: wana haki ya kubaki katika shule yao ya zamani, kusaidiwa usafiri, na kuandikishwa papo hapo hata kama karatasi zao hazipo. Nimetaja sheria hiyo ili uone kwamba hali yako ina jina, inajulikana, na kuna waliokaa wakaona mwanafunzi wa namna hii anastahili kusaidiwa kabla hajatoweka darasani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi karibu zote duniani zimeuridhia, nao unazitaka serikali zichukue hatua za kupunguza idadi ya watoto wanaoacha shule. Una miaka 17. Mkataba huo bado unakuhusu.

Kwa maoni yangu, kinachokutoa shuleni sasa hivi ni ukimya kuliko hata umaskini. Mwalimu anayeona umeshuka, unachelewa, unasinzia kipindi cha mwisho, na hajui lolote, atasema umeanza utoro au umepata mvulana. Atakuadhibu kwa jambo ambalo angelijua angekusaidia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtafute mtu mzima mmoja pale shuleni. Anaweza kuwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa ushauri nasaha, au yeyote ambaye umewahi kumwona akizungumza na mwanafunzi bila kumdhalilisha. Usimvamie koridoni. Mwambie, "Mwalimu, naomba dakika kumi, nina jambo la nyumbani." Ukishakaa, sema kwa ufupi: "Tuliondolewa kwenye nyumba. Tunalala kwa ndugu, sebuleni. Silali vizuri na sina pa kusomea. Nafikiria kuacha shule, na sitaki kuacha." Kisha taja mambo mawili au matatu unayoyaomba: kubaki shuleni baada ya vipindi, kupunguziwa au kulipa ada kidogo kidogo, kuuliziwa kama bweni lina nafasi au kama kuna ufadhili unaoweza kuombewa, kuvumiliwa ukichelewa. Mtu akiombwa jambo mahususi ni rahisi kulitenda kuliko akiachiwa simulizi ya huzuni peke yake. Mjulishe mama yako kabla, umweleze kwamba hutaki kumwaibisha, unataka kubaki shuleni. Na kama mwalimu wa kwanza atakujibu ovyo, nenda kwa mwingine. Usihesabu jibu baya la mtu mmoja kuwa jibu la shule nzima.

Sasa kazi. Sitakudanganya kwamba haina faida. Inakupa kitanda, chakula, pesa mkononi, na kwa mama mdogo mtapungua. Ndiyo maana inavutia, na ndiyo maana mama yako alilia badala ya kukataa. Lakini itazame vizuri. Kazi ya kulala hukohuko haina kengele ya kutokea. Mtoto wa mwenye nyumba akiamka usiku wa manane, utaitwa wewe. Mgeni akija saa nne usiku, utawasha jiko wewe. Wasichana wengi huingia wakiwa wameahidiwa kwamba watasoma jioni, na jioni hiyo haifiki. Nyumba ya mtu imefungwa mlango. Likitokea baya humo ndani, hakuna mwenzako wa kukushuhudia. Na unayemtegemea kwa mshahara ndiye huyohuyo unayemtegemea kwa kitanda, kwa hiyo siku mkikosana unapoteza vyote kwa pamoja na kurudi palepale sebuleni, ukiwa huna shule.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani. Unasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani aliye chini ya miaka 18, hata akiwa amefikia umri wa kuruhusiwa kazi, kazi hiyo isimnyime elimu ya lazima wala isimzuie kuendelea na masomo ya juu yake au mafunzo ya ufundi. Unasema pia kwamba mfanyakazi akae na vitambulisho vyake mwenyewe. Si nchi zote zilizouridhia, ila kama kipimo cha ofa uliyopewa unatosha. Muulize huyo mama, mbele ya mama yako: nitakuwa huru saa ngapi hadi saa ngapi? Siku gani ya wiki ni yangu? Nitaendelea kwenda shule? Nitalala chumba gani, na mlango una kitasa kwa ndani? Mshahara nitapewa mkononi mwangu, tarehe ngapi? Akikasirika kwa kuulizwa, ameshakujibu.

Ningekuwa mzazi wako, kazi ya kulala hukohuko ningeikataa kwa sasa. Ningekubali kazi ya saa chache mwisho wa wiki au likizoni, ya mchana, mahali palipo na watu, ambayo jioni unarudi kwa mama yako. Tafiti za wanafunzi wanaofanya kazi huonyesha kwamba saa chache hazidhuru sana, na kwamba zikizidi 20 kwa wiki masomo huanza kuporomoka. Kwa hali uliyo nayo mimi ningesimama chini kabisa ya hapo.

Lakini najua kuna nyumba ambazo pesa ya mtoto wa kwanza ndiyo chakula cha wadogo, na wala simhukumu mtu aliyebanwa hivyo. Ikifika huko, usitoweke kimyakimya. Nenda shuleni na mama yako, mwombe mwalimu mkuu ruhusa ya kuahirisha masomo, iandikwe, mbaki na nakala yenye tarehe. Chukua ripoti zako zote na cheti chako cha kuzaliwa, vitunzwe kwa mtu mnayemwamini, kwa sababu familia zinazohamahama hupoteza karatasi, na karatasi moja iliyopotea inaweza kukuchelewesha mwaka mzima. Panga tarehe ya kurudi, na mtu wa kukukumbusha. Aliyeahirisha hurudi akiwa mwanafunzi wao. Aliyetoweka hulazimika kuanza kujieleza upya kwa watu waliokwisha kufuta jina lake.

Mama yako naye ana la kufanya, na si kazi yako kumfanyia. Kazungumzeni, akiwa ametulia, wadogo wakiwa wamelala au wametumwa. Muulize waziwazi: "Mama, unataka niende?" Huenda machozi yale yalikuwa hapana aliyoshindwa kuitamka. Mwambie aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyo karibu, akiwa na barua ya hospitali ya baba na karatasi yoyote ya kuondolewa kwenye nyumba, aeleze kwamba ana watoto watatu wa shule wasio na makazi. Aulize pia kwenye nyumba ya ibada na mashirika yanayoshughulikia watoto. Na aketi na mama mdogo na baba mdogo, wakubaliane tarehe. Baba mdogo anauliza mtaondoka lini kwa sababu hakuna aliyemwambia, na mtu akijua ni miezi mitatu huvumilia kuliko akidhani ni milele.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, na ukiyaona usisubiri jibu langu. Ukianza kufikiri kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, au kujidhuru, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo na uende kituo cha afya. Ni ugonjwa unaotibika, na hali yako inaeleza kwa nini ungekupata. Vivyo hivyo ikiwa usingizi umekataa kabisa, chakula hakipiti, au mama yako ameacha kuamka na kujishughulisha. Na kama kuna mtu yeyote katika nyumba hiyo, au nje yake, anayekugusa usivyotaka, anayekutisha, au anayekuahidi ada au chumba kwa masharti ya kuwa naye kimapenzi, hilo ni kosa lake na si lako. Ondoka karibu naye, mwambie mwalimu wako, polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, hata kama mtu huyo ndiye anayewapa paa. Watu wa ustawi wa jamii kazi yao ni kutafuta paa jingine.

Huyo mama anayetafuta msichana mwambie utampa jibu baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo mbili fanya moja tu kwa uhakika, uende kwa mwalimu. Ukishaenda, niandikie alichosema, na kama ametaja ufadhili nitumie masharti yake nikusaidie kuandika barua ya maombi.